Nani Alitoa Balbu?

Mtu akiniletea gari na kuniambia, "Fundi, ni kitu kidogo tu," nilikuwa namtazama yeye kwanza kabla ya kulitazama gari. Natazama viatu, natazama mikono, nasikiliza anavyomeza mate. Gari halijui kudanganya. Likiumwa litatetemeka, litakohoa, litatoa moshi. Anayedanganya ni aliyelileta, au aliyemuuzia, au fundi aliyelishika kabla yangu. Ndiyo maana pale gereji yetu ya Kariobangi, ambako tulitengeneza magari chini ya mabati na siku nyingine chini ya jua lenyewe, wenzangu waliniita Tomaso. Sikuchukia. Tomaso wa Biblia alitaka kutia kidole kwenye jeraha kabla ya kuamini, na nyinyi mnaoanza kushika spana leo nawaambia wazi, fundi asiyetia kidole ataaibika mchana.

Najua mnacheka. Nyinyi mna vile vimashine vya kuchomeka chini ya dashbodi, vinawasomea ugonjwa kwa maneno kama daktari. Sina ugomvi navyo, ila siviamini. Juzi hapa Njiru ninakoishi siku hizi, kijana mmoja alifuta namba zote za hitilafu kwa kidole kimoja, akamwambia mwenye gari kwamba limepona. Gari halijafika Barabara ya Kangundo, taa ya injini ikawaka tena. Kufuta si kutibu, wanangu. Hata enzi zetu walikuwepo wa kufuta: ukichomoa terminali ya betri, kompyuta ya gari inasahau kila kitu, mteja anakushukuru, na wewe unahama gereji kabla hajarudi.

Miaka ya tisini ndiyo magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika mitaani kwetu. Sisi tulikuwa watu wa kabureta. Kabureta unaifungua, unaipuliza, unaiona mpaka utumbo. Mzee Mutiso, aliyenifundisha kazi, alipofunguliwa boneti ya gari la kwanza lenye kompyuta alisimama muda mrefu akiwa ameweka mikono nyuma. "Hapa kuna mtu anafikiri ndani," alisema, "na sura yake siioni." Hakuwahi kulipenda. Lakini alinipa kanuni moja ambayo ilifaa kwa kabureta na ikafaa kwa kompyuta: "Anza na mkono wa mwisho." Maana yake, gari likiharibika, uliza ni nani alilishika mwisho na alishika nini. Mara nyingi ugonjwa utaukuta palepale alipogusa.

Namba tulizisoma bila mashine yoyote. Chini ya boneti kulikuwa na kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, na ndani yake matundu. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili. Si mawili yoyote, maana ukikosea utachoma kitu na utalipa. Halafu unafungua switchi bila kuwasha injini, na ile taa ya injini kwenye dashbodi inaanza kukukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni ishirini na mbili. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, haina la kusema. Kijana wa matairi aliyekuwa jirani yetu alikuwa akipita akiniona nimeinama ndani ya gari nikihesabu kwa midomo, anasema, "Niaje Tomaso, unaombea hiyo gari ama unatongozwa na taa?"

Sasa ukaguzi. Gari la kubeba abiria, hata kama ni teksi tu, lilikuwa lazima lipite mbele ya mkaguzi. Pale uwanja wa ukaguzi kulikuwa na mkaguzi mmoja mrefu, mtu wa maneno machache, tuliyemwita Bwana Switchi. Wengine walitazama breki na matairi wakamaliza. Yeye aliingia ndani, akafungua switchi, akakaa kimya akitazama dashbodi. Taa ya injini ikiwa inawaka wakati gari linanguruma, anakurudisha. Basi mafundi wakaanza ujanja. Mmoja alibandika tepu nyeusi juu ya taa. Mwingine, mtu wa kanisa, akabandika pale kijikaratasi kilichoandikwa Mungu ni Mwema. Bwana Switchi alikibandua taratibu kwa ukucha, akamkabidhi mwenyewe. "Mungu ni mwema," akasema, "lakini hii ni taa."

Baada ya hapo wajanja wakaona dawa ni kuitoa balbu yenyewe. Hawakujua kwamba mkaguzi ana akili kuliko wao. Taa ya injini ikiwa nzima huwaka unapofungua switchi, kisha huzima injini ikishika. Inakujulisha kwamba ipo macho. Taa isiyowaka kabisa ndiyo ya kushuku zaidi, na Bwana Switchi alikuwa akiingoja hiyo.

Ndivyo alivyorudishwa Baba Nafula.

Baba Nafula alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa upande wa Bungoma. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kutembea kando ya mabehewa akigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio. Gurudumu lenye ufa hulia tofauti na lililo zima. Kisha kazi zikapunguzwa, naye akaachishwa kwa malipo pamoja na wengi wa rika lake. Kwa pesa alizopewa alinunua gari kuukuu la Kijapani, la rangi ya maziwa, lenye mgongo mrefu, ili alifanye teksi. Wazee wa steji moja ya teksi kule Buruburu walikuwa wamemwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Na mwisho wa mwezi huohuo familia ilitakiwa kutoka katika nyumba ya kazi. Kama gari lingepita ukaguzi, wangepanga chumba na watoto wangeendelea na shule hapahapa Nairobi. Kama lisingepita, wangefunga vitu warudi nyumbani bila kazi, bila pesa na bila gari la maana. Haya yote aliniambia mkewe, Mama Nafula, kabla hata sijaufungua mlango wa gari.

Maana Mama Nafula alikuja na gari, na hakuondoka. Nyinyi mnajua desturi yetu: mtu haachi gari gereji peke yake. Ukiliacha na plagi mpya, utalikuta na plagi za gari la mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye gari hukaa, au humleta shemeji akae. Nimelindwa na watu wa kila namna, hata na babu mmoja aliyelinda huku amelala. Lakini sikuwahi kulindwa kama nilivyolindwa na yule mama. Alileta kigoda chake, uzi na sindano ya kushonea vile vitambaa vyeupe vya kufunika makochi, na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.

"Hiyo ni ya nini, Mama?" nikamuuliza.

"Kila kitu utatoa, unaweka hapa kwa gazeti," akasema. "Mimi naweka alama. Jioni nataka kuona vitu vyangu vikirudi na alama zake."

"Unanishuku?"

"Sikujui, fundi. Nikikujua nitakuambia kama nakushuku."

Kusema kweli nilikasirika. Mimi mwenye kushuku watu nikawa nimeshukiwa, tena mbele ya kijana wa matairi, ambaye alicheka mpaka akaketi juu ya rimu. Lakini ndani ya moyo nilimheshimu. Plagi zikatoka, zikapigwa nukta nyekundu. Kichujio cha hewa kikapigwa nukta. Hata kifuniko cha tangi la maji hakikuachwa. Mumewe alisimama upande wa pili wa gari, amevaa koti lake la zamani la kazini, akizungusha funguo za nyumba kidoleni.

Gari lenyewe lilikuwa linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi. Nilifungua switchi. Taa ya mafuta ikawaka, ya betri ikawaka. Ya injini, giza.

"Ilikuwa hivi tangu mnunue?" nikauliza.

"Hivyohivyo," akasema Baba Nafula haraka. "Aliyetuuzia ndiye alitucheza."

Mama Nafula alikuwa ameinamia kitambaa chake. Sindano iliingia na kutoka.

Nilifungua dashbodi, nikaigeuza. Pale nyuma ya taa ya injini palikuwa na tundu tupu. Nyumba za taa nyingine zote zilikuwa na vumbi la miaka juu yake, lakini kando ya lile tundu vumbi lilikuwa limefutwa na vidole. Mkono wa mwisho ulikuwa umepita hapo, na haukuwa umepita zamani. Nikaanza kuorodhesha washukiwa wangu kichwani. Muuzaji wa gari. Fundi wa muuzaji. Halafu nikamtazama Baba Nafula, nikaona funguo zimeacha kuzunguka.

"Nahitaji balbu," nikasema. "Bila balbu siwezi kusoma namba, na bila namba nitakuwa napapasa."

"Nitaenda kununua," akasema, akaondoka kabla sijamwambia ni ya aina gani.

Hapo nawaomba msikilize kama mafundi. Balbu za dashbodi za magari yale zilikaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki ya rangi ya kahawia, ambacho unakizungusha kidogo ndipo kinatoka. Madukani waliuza balbu tupu, kama punje. Kikombe hawakuuza. Ukikipoteza unakwenda kubembeleza wanaovunja magari yaliyogongwa. Baba Nafula alirudi upesi, akanipa balbu iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa ndani ya kikombe chake cha kahawia, chenye mkwaruzo wa bisibisi ubavuni.

Nikaitazama balbu, nikamtazama yeye. Akatazama chini. Nilijua, na alijua kwamba nimejua. Fundi anaingia kwenye injini ya mteja, haingii kwenye nyumba yake. Nikaichomeka balbu, nikafungua switchi, na ile taa ikawaka njano.

Nikaweka waya kwenye matundu yangu. Mbili, pumziko, mbili. Ishirini na mbili ni sensa ya joto la maji. Kama sensa hiyo inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta inamwaga petroli nyingi, na hapo moshi mweusi. Kila kitu kikalingana. Nikanunua sensa nyingine, nikaifunga, nikachomoa betri ili kompyuta isahau, nikawasha. Injini ilipopata joto, taa ikarudi, na namba ikawa ileile.

"Kumbe umekula pesa yangu," akasema Mama Nafula, kwa upole kabisa, bila kuinua macho kutoka kwenye uzi.

Mawazo yangu yalimwendea mwenye duka la spea. Nilikuwa tayari nimevua ovaroli niende nikamrushie sensa yake usoni. Kisha nikakumbuka kutia kidole. Nikamwomba mama wa chai pale kando kikombe cha maji yanayochemka. Nikaitumbukiza ncha ya ile sensa ya zamani yenye nukta nyekundu humo ndani, nikaweka mita ya kupimia umeme. Sensa nzima, maji yakiwa moto mita inashuka, na yakipoa inapanda polepole. Ilishuka vizuri, ikapanda vizuri. Nikajaribu na mpya, ikawa vivyo hivyo. Zote mbili zilikuwa nzima. Basi nilikuwa nimemshuku mtu wa duka bure, na ile sensa kuukuu pia bure. Lishikeni hili: namba haikutajii mwizi, inakuonyesha tu mtaa anakokaa. Nyumba kwa nyumba utaenda mwenyewe.

Nikafuata waya. Kwenye soketi inayochomekwa juu ya sensa, nilipovuta kile kifuniko cha mpira, nikakuta meno ya shaba yamejaa kutu ya kijani. Maji yaliingia na kukaa. Na nilijua yaliingiaje, maana injini nzima iling'aa kama sahani ya harusi. Aliyeliuza alikuwa ameiosha kwa mafuta ya taa na mpira wa maji ili ivutie wanunuzi. Ni tabia ya watu wetu hadi leo: gari likipelekwa sokoni au kwa mkaguzi, mtu anaiogesha injini kama mtoto wa Krismasi, halafu anashangaa ikipata mafua.

Kipande cha msasa, tone la petroli, kupuliza, kukausha. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Nikairudisha sensa yao ya zamani ili ya duka irudi dukani. Moshi ukakatika. Nikaunganisha matundu, taa ikakonyeza mfululizo bila kupumzika.

Baba Nafula alikuja akasimama karibu nami. "Ni hiyo tu?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Uchafu tu?"

"Uchafu tu, mzee."

Akakaa juu ya bampa, akafunika uso kwa mikono. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Yule mzee alikuwa ameyaficha maradhi ambayo yangepona kwa msasa, nusura ayafiche mpaka watoto wake wafunge vitabu.

Uwanja wa ukaguzi nilienda nao mwenyewe, kwa sababu huwa siamini kazi yangu mpaka niione imepita. Mama Nafula alikaa kiti cha nyuma na kichupa chake mkobani. Bwana Switchi aliingia, akafungua switchi. Taa ikawaka. Akawasha injini. Taa ikazima. Akaacha gari lingurume mpaka lipate joto, akaenda nyuma kutazama moshi, hakuuona. Nilidhani tumemaliza. Lakini Baba Nafula alipokwisha kurudi kwenye usukani, mkaguzi alikuja dirishani na kalamu mkononi, hajaandika.

"Hii gari naikumbuka," akasema. "Juzi hii taa ilikuwa imekufa. Nani alitoa balbu?"

Akagonga mlango kwa kalamu.

"Nauliza kwa sababu mtu anayetoa balbu leo, kesho atatoa kitu kingine na abiria wakiwa ndani. Kama hakuna anayejua, mimi pia sijui kusaini."

Nilijua litakuja lile jibu la "aliyetuuzia". Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Baba Nafula, nililiona. Nilifikiria hata kusema ni mimi, yaishe. Mwisho wa mwezi ulikuwa mlangoni na nafasi ya steji ilikuwa inangoja. Yule mzee alikamata usukani kwa mikono miwili. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza nyufa kwenye vyuma vya wengine sasa alikuwa anagongwa yeye, nasi sote tunasikiliza.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoa mimi mwenyewe, kwa bisibisi ya nyumbani. Mke wangu alitaka tununue mashine ya kusaga, tuipeleke Bungoma. Mimi nikang'ang'ana na gari. Ile siku ya kwanza tukirudi nyumbani, taa ikawaka. Nikaona haya kumwambia."

Bwana Switchi aliishusha kalamu. Kisha akaandika, akasaini, akararua karatasi na kuipitisha dirishani. "Enda salama, mzee," akasema, akamfuata mtu wa gari la nyuma.

Baba Nafula hakugeuka. Alizungumza akiwa anatazama mbele. "Mama Nafula, nisamehe."

"Niliiona," akasema mkewe.

"Uliona nini?"

"Taa. Siku tuliyoinunua niliiona ikiwaka, hata kabla yako. Kesho yake haikuwaka, na hiyo gari hakuna mtu alikuwa ameishika isipokuwa wewe. Nilijua siku hiyohiyo."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema ni aliyetuuzia. Nilitaka uniambie bila kuulizwa. Unafikiri nilikuwa naketi kwa huyu fundi nikilinda plagi? Plagi ni kitu gani. Nilikuwa nakungoja wewe."

Niliposikia hivyo nilitaka ardhi inimeze. Muda wote ule nilidhani mama ananishuku mimi, nami nikimshuku kila mtu kuanzia muuzaji hadi mwenye duka, na nikijiona mwerevu kwa kuwa nimemgundua mumewe. Yeye alijua kabla yangu, akaketi juu ya kigoda akishona, akampa mumewe nafasi baada ya nafasi. Sijawahi kuona subira kama ile, na tangu siku hiyo sijasahau kwamba kuna mtu anayekutazama kwa sababu bado anataka kukuamini.

Mama Nafula akafungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Akainama kati ya viti viwili vya mbele, akapiga nukta ndogo nyekundu kwenye kioo cha dashbodi, chini kabisa ya taa ya injini.

"Sasa hata nikiwa nyuma nitajua ni gani ya kuangalia," akasema.

Nafasi ya steji waliipata. Walipanga kule Huruma, na gari lile lilirudi kwangu mara nyingi, kwa breki, kwa klachi, kwa yale mambo ya uzee. Kila walipoondoka pale gerejini niliona jambo lilelile. Baba Nafula anafungua switchi, halafu anangoja, mkono juu ya funguo. Mkewe anatazama nukta yake. "Imewaka," anasema. Mumewe anawasha injini.

"Imezima," anasema Mama Nafula. "Haya, twende."